Kikapu cha Dorine Kwenye Foleni

Ijumaa, 9 Januari 2026. Mogogosiek.

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba foleni ni mahali pa kusimama. Sivyo. Foleni ni mahali pa kuwakilishwa. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na minne na sijaona jambo lililo wazi kuliko hili.

Nieleze, ili atakayelisoma daftari hili baadaye asipotee. Hapa kwetu mkulima huchuma majani chai asubuhi, akayapeleka kituoni, na lori la kiwanda huja linapotaka. Saa tisa. Saa kumi na mbili. Siku ya matope haliji kabisa. Nani atasimama saa zote hizo? Unaweka kikapu chako chini, nyuma ya kikapu cha mwenzako, unakwenda zako nyumbani kunywa uji. Kikapu hushika nafasi. Hakirukwi, kwa sababu anayekiruka kikapu cha mtu amemruka mtu mwenyewe. Huo ndio ustaarabu.

Leo, pigo! Kiptanui, karani mpya wa mizani, ametangaza kwamba kuanzia Februari kikapu kisicho na mtu kitasukumwa nyuma. Alisema kikapu hakina miguu wala mdomo. Nikamweleza kwa upole kwamba hata posa hupelekwa na wazee huku bwana harusi amelala kwake, na ndoa husimama. Watu wakacheka. Nilidhani nimeshinda. Akasema, "Mwalimu, hiyo ni ndoa. Hii ni kilo." Wakacheka zaidi. Nimeondoka kabla ya lori kufika, nikaacha kikapu pale kwa makusudi. Msimamo ni msimamo.

Jioni Dorine alipiga simu. Sasa hilo ndilo jambo la leo, na nimelichelewesha kwa ajili ya Kiptanui.

Dorine ni kitinda mimba wangu. Miaka ishirini na tisa. Hutandika vitanda katika meli kubwa ya watalii. Hajakanyaga Mogogosiek kwa miaka mitatu. Tulipomzika mama yake, Jerusa, mwaka juzi Septemba, Dorine alikuwa bahari ya kaskazini huko, karibu na barafu. Aliyaona mazishi kwenye simu ambayo dada yangu aliishika juu ya vichwa vya watu. Mtandao ulikatika jeneza likiwa nusu ya kushuka.

Kampuni yake huwaruhusu jamaa wawili wapande meli kwa bei ya chini vyumba vikibaki. Basi Jumatano, mimi na dada yangu Mokeira tunapanda Mombasa. Siku tano! Lakini Dorine alinionya nisifurahi haraka. Alisema, akiniita baba kwa lugha ya nyumbani, "Ndani ya meli hutaniona, Tata. Wafanyakazi haturuhusiwi kuketi na abiria." Nafasi yetu ni moja. Ijumaa ijayo meli itafika Nosy Be, kisiwa cha kaskazini mwa Madagaska. Meli ile ni kubwa mno kwa gati la pale. Itatia nanga katikati ya maji, na watu watapelekwa ufukoni kwa boti ndogo. Yeye ana ruhusa ya kushuka kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Siku hiyohiyo, kabla ya saa kumi na mbili jioni, lazima ajibu ofisini kwao: atie sahihi abaki hadi Oktoba, au ashuke Machi arudi nyumbani.

Hajaamua. Alisema hataki kuamua kwa simu. Alisema, "Nataka tuketi."

Tuketi! Nimeliandika neno hilo kwenye ganda la kiberiti na kulitia mfukoni. Nimetayarisha hoja kumi na mbili za kumrudisha nyumbani. Hoja ya kwanza ni udongo.

Jumapili, 11 Januari. Mogogosiek.

Mazoezi. Dorine alieleza kwamba shida ya boti zile ni kuingia. Wimbi linaipandisha boti, linaishusha, na baharia mlangoni anakuambia ngoja, ngoja, sasa. Ukikosea hatua, ni maji. Mimi sikosei hatua bila kujaribu kwanza.

Mpango: kiti cha jikoni ni meli. Toroli ni boti. Mokeira ni bahari.

Mokeira ananizidi miaka mitatu. Sabini na nne. Alichuma chai kwenye mashamba ya kampuni miaka thelathini na mmoja, na hajawahi kufungua ramani. Alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, bado na kofia yake ya kina mama. Nikamweleza namna wimbi linavyozaliwa, upepo, kina, mvuto wa mwezi. Aliuliza kama ataitikisa toroli au hapana. Akaitikisa. Mara ya kwanza nilifaulu. Mara ya pili nilifaulu nusu. Mara ya tatu bahari ilinirusha kwenye majani ya ng'ombe, na nilipoinuka bahari ilikuwa imeketi chini inacheka, kofia imeanguka.

Alisema hivi: "Zacheus, ukiambiwa ngoja, ngoja. Ukiambiwa panda, panda. Ni hayo tu." Kisha akaenda kukanda unga wa chapati. Watu wasiosoma wana njia fupi za kufikiri. Siwalaumu.

Mchana nilifungasha. Nimechukua kikapu cha Dorine cha utotoni, kile kidogo alichobebea majani alipokuwa darasa la pili. Kimening'inia jikoni miaka yote hii. Ndani nimeweka majani chai ya shamba letu, thermosi ya Jerusa iliyovunjika kifuniko (nimeifunga kwa waya wa ua, imara kabisa), vikombe viwili vya bati, na leso ya Jerusa ya kuvifunika. Tutaketi. Tutakunywa chai ya nyumbani. Nitaanza na udongo.

Jumatano, 14 Januari. Ndani ya meli, Mombasa.

Meli ina ghorofa kumi na mbili. Bomet mjini hakuna jengo la namna hii. Mokeira aliitazama kutoka chini hadi juu akauliza ni nani anayefagia.

Saa kumi na moja jioni mlango wetu uligongwa. Dorine! Sare ya kijivu, nywele zimebanwa, amekonda shingoni. Nilimkumbatia. Alikuwa akinukia sabuni. Alipoondoka nyumbani alikuwa akinukia moshi wa kuni, na mimi mjinga niliutafuta moshi ule kwenye bega lake.

Alikuwa na dakika kumi. Nikaona nisipoteze wakati, nikaanza hoja ya kwanza. Utangulizi wa udongo, volkano za kale na mvua ya msitu wa Mau, ulichukua dakika nane. Kisha simu ya redio kiunoni ikamwita. Alisema, "Ijumaa, Tata. Nitakuwa kwenye benchi penye gati. Usichelewe." Mimi nichelewe! Niliyegonga kengele ya shule miaka thelathini na minne!

Mokeira katika dakika mbili zilizobaki alimpa chapati nne, akamshika shavu. Nafasi iliyopotea bure.

Chai ya hapa: karatasi yenye uzi. Ndani ni vumbi, lile linalobaki chini ya chekeche kiwandani. Nimemweleza mhudumu. Aliinama akashukuru, akaniletea karatasi nyingine.

Alhamisi, 15 Januari. Baharini.

Maji siku nzima. Nimetafuta mahali pa kuweka macho, sijapata. Kwetu ukitazama mbali, macho hupita juu ya chai, kilima hadi kilima, mwishowe yakapumzika kwenye mstari wa mikalitusi. Hapa hakuna mikalitusi. Macho yanakwenda tu. Nimefikiri: hivi ndivyo Dorine anavyoishi. Miaka mitatu macho hayajaketi.

Nilimwona mara moja. Mwisho wa ukumbi mrefu, akisukuma toroli ya mashuka. Aliinua vidole viwili kutoka kwenye mpini. Nami nikainua viwili. Akapinda kona.

Habari muhimu! Wametangaza utaratibu wa kesho. Kuanzia saa moja asubuhi, mlangoni mwa ukumbi wa michezo, ghorofa ya tano, watagawa namba kwa kufuata foleni. Namba ndogo, boti ya mapema. Namba kubwa, mchana. Wenye namba za kwanza watafika ufukoni kabla ya saa nne.

Nilimwita Mokeira, nikamweleza kwamba tatizo hili limekwisha kutatuliwa na wakulima wa kwetu Konoin zamani sana. Alisema yeye ataamka asimame. Nikamhurumia. Nikamuuliza, kwa miguu ile yenye baridi yabisi? Alisema miguu ni yake. Nikasema kikapu changu kitamtangulia. Alisema kikapu ni cha Dorine.

Nimelala mapema.

Ijumaa, 16 Januari. Nosy Be. Saa kumi na mbili kasoro, asubuhi.

Ushindi! Nimeamka, nimechemsha maji kwa birika la chumbani, nimepika chai yetu, majani halisi, maziwa ya mhudumu. Thermosi imejaa na moto. Nimeshuka ghorofa ya tano. Hakuna mtu! Wazungu wamelala. Nimeweka kikapu katikati kabisa ya mlango wa ukumbi, mpini umeelekea mbele ili ijulikane kinangoja. Leso juu, nadhifu. Ncha ya waya ilichomoza kidogo, lakini haidhuru.

Namba moja ni yangu. Nimerudi kitandani kupitia hoja ya tano hadi ya nane.

Mokeira anavaa viatu. Anasema anakwenda kusimama nyuma ya kikapu. Namwambia hakuna haja. Anasema ataenda kusimama mlango wa pili basi, wa upande wa ngazi, kwa sababu hapendi kusimama nyuma ya kitu kisichojibu salamu.

Siku hiyohiyo. Saa nane mchana, kwenye benchi.

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa moja kasoro dakika kumi, kipaza sauti kililia. Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani. Walimwomba mwenye kikapu cha rangi ya kahawia, mlango wa ukumbi wa michezo, ajitokeze mara moja. Moyo ulinijaa. Nilisema peke yangu chumbani: wameelewa! Wananitafuta wanipe namba moja! Nilifunga tai.

Ghorofa ya tano ilikuwa imezungushiwa kamba nyekundu. Watu kama mia mbili nyuma ya kamba, kofia za jua vichwani, nyuso za hasira. Mabaharia wawili walikuwa wamesimama mbali na kikapu cha Dorine kama watu wanaotazama nyoka. Niliinua mkono, nikasema kwa Kiingereza safi kwamba hicho ni changu na mimi ndiye wa kwanza. Bibi mmoja alisema neno ambalo sitaliandika.

Kumbe melini kikapu kisicho na mtu si mtu. Ni hatari. Hasa chenye chuma cha duara kilichofungwa kwa waya na kufunikwa kitambaa. Boti zote zilisimamishwa. Hakuna namba iliyotolewa.

Walinipeleka ofisi ya usalama. Ofisa alikuwa mtu wa Nepali, mfupi kama mimi, mpole. Waliifungua thermosi. Wakanusa. Chai. Saa mbili kamili ofisa akaniambia kwamba yamekwisha, nisirudie, nitie sahihi hapa niende. Aliniuliza kwa desturi tu kwa nini nilikiacha.

Nikamweleza.

Najua sasa ningeweza kusema "Nilisahau" nikaondoka. Lakini aliuliza. Mtu akiuliza, hajibiwi nusu. Nilichora kituo cha Mogogosiek nyuma ya karatasi yake: mizani hapa, lori hapa, vikapu hivi. Nilipofika kwenye vikapu aliweka kalamu chini. Akauliza kama kwetu kikapu hubebwa mgongoni. Nikasema ndiyo. Akagusa paji la uso wake, akasema kwao kamba hupita hapa. Mama yake ni mchuma chai! Milima ya mashariki ya Nepali. Alisema mama yake ana alama ya kamba ile kwenye paji, na kwamba akiitazama picha yake jambo la kwanza analoliona ni alama. Hajafika kwao kwa mwaka na nusu.

Sasa, ungefanya nini? Nilimmiminia chai. Kikombe kimoja cha bati yeye, kimoja mimi. Alifumba macho. Tukazungumza umande, baridi inayounguza chipukizi, majani mawili na ncha. Nikamweleza udongo wote, na hakuna redio iliyoniita. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunisikiliza hivyo. Nilipotazama saa ya ukutani ilikuwa saa nne na nusu.

Saa nne na nusu! Dorine alikuwa benchini tangu saa nne!

Nilikimbia. Namba zilikwisha kutolewa saa mbili na robo, watu walipofunguliwa. Nilipewa mia nne na kumi na mbili. Nikamwonyesha msichana wa namba ganda la kiberiti lenye neno "tuketi." Hajui Kiswahili. Nikaketi ukumbini. Waliita tisini. Waliita mia na hamsini. Wenye ziara za kulipia walipita mbele. Waliita mia mbili. Sikuwa na kikapu mbele yangu wala nyuma yangu; cha Dorine nilikikumbatia.

Saa saba kasoro robo waliniita. Kuingia botini: baharia alisema ngoja, nikangoja. Akasema sasa, nikapanda. Si kitu kabisa. Toroli ilikuwa ngumu zaidi.

Maji yalikuwa ya kijani. Ufuko ulianza kuonekana, gati, miti, watu wadogo. Katikati ya njia boti nyingine ilikuwa ikirudi melini, imejaa sare za kijivu. Nilitazama bila kutaka kutazama. Wa tatu kutoka nyuma. Nywele zimesukwa upya.

Nilisimama. Baharia alinipigia kelele niketi. Sikuketi. Niliinua kikapu juu ya kichwa kwa mikono miwili, kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na la kueleza. Dorine naye alisimama. Aliinua mikono yote miwili. Wenzake walimshika kiunoni asianguke. Boti zilipishana kwa umbali wa mashina ya chai ishirini hivi, niliyahesabu kwa macho, na kila moja ikaendelea na safari yake. Nilimwona hadi alipokuwa nukta ya kijivu kwenye ubavu mweupe.

Mokeira alikuwa gatini. Alikuwa ameshuka na boti ya kwanza! Walipofunga ule mlango wangu, waligawa namba mlango wa pili, na yeye alikuwa wa kwanza pale, na miguu yake yenye baridi yabisi. Saa tatu nzima na mwanangu. Nilimuuliza walizungumza nini. Alisema hawakuzungumza sana. Alimsuka. Dorine alilia kidogo, akala ndizi, akalala mapajani kwake. Saa tatu! Hata hoja moja!

Alinionyesha benchi kwa kidole, akasema, "Nenda. Pako pale." Kisha akaenda kutazama vitambaa.

Benchi ilikuwa imejaa watalii isipokuwa nafasi moja. Katika nafasi ile kulikuwa na kofia ya kijivu ya Dorine, na juu ya kofia jiwe. Mama mmoja muuza vanila alikuwa akilinda. Mtalii alipotaka kuketi, alimfukuza kwa fagio. Aliponiona na kikapu alicheka, akaniashiria niketi.

Hivyo ndivyo tulivyomfundisha. Mtoto asiye na kikapu kituoni huweka kofia, na jiwe juu yake upepo usiichukue. Alikuwa na miaka saba.

Chini ya jiwe kulikuwa na karatasi. Nainakili yote:

"Tata, nimengoja hadi saa saba kasoro kumi. Shangazi anasema umekamatwa na kikapu. Niko katikati ya masomo ya upishi ya kampuni. Nikishuka Machi nitakuja bila cheti. Nadhani nitatia sahihi. Ungekuwa hapa labda ningelegea, kwa hiyo sijui kama nikasirike au nishukuru. Shangazi anasema ungeniambia nirudi. Mimi nasema ungeniambia kwanza historia ya udongo. Nilitaka kuisikia. Oktoba nitakuja, nimwone Mama alipolala. Hapa nimekushikia nafasi. Na wewe nishikie."

Nimeketi. Nimemimina chai katika vikombe viwili. Kimoja nimekinywa. Kingine kiko kando yangu juu ya kofia, kinatoa moshi mdogo. Mwenye vanila ananitazama. Nadhani nitampa, kabla hakijapoa.

Bado. Kwanza kingoje kidogo.

Jumatatu, 19 Januari. Mombasa.

Tumeshuka. Wafanyakazi walipanga mstari kutuaga, Dorine wa sita. Alikwisha kutia sahihi, Ijumaa saa kumi na moja na dakika hamsini jioni. Alisema alingoja hadi dakika ya mwisho, labda ningetokea nimeiruka foleni ya kurudi. Nilikuwa kwenye foleni ya kurudi. Nimesimama, kwa miguu yangu.

Nilimshika mkono. Nyuma yangu watu walisukuma. Nilikuwa na nafasi ya sentensi moja, nami nikachagua: "Mvua ya Mau hunyesha mchana." Alijibu, "Najua, Tata. Endelea Oktoba." Mokeira alimpa leso ya mama yake, ambayo mimi niliisahau ndani ya kikapu.

Yule ofisa wa Nepali alinipigia saluti. Nilimwachia robo kilo ya majani.

Jumatano, 21 Januari. Mogogosiek.

Nyumbani. Baridi nzuri. Mikalitusi iko mahali pake, nimeihesabu.

Asubuhi nilichuma kidogo. Mchana nilikwenda kituoni na vikapu viwili: changu chenye majani, na kile kidogo cha Dorine, kitupu. Nikaviweka kwenye foleni, kimoja nyuma ya kingine. Kiptanui alikuja na daftari lake. Aliuliza kile kidogo ni cha nani. Nikasema cha Dorine. Akauliza yuko wapi. Nikasema anakuja. Akauliza saa ngapi. Nikasema Oktoba.

Kiptanui alikitazama kikapu kile muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, lori litakikanyaga hapo." Akakiinua mwenyewe, akakiweka chini ya paa la mizani, pembeni, mahali pasiponyeshewa. Akasema ikifika Februari sheria ni sheria, atakisukuma. Akasema pia kwamba atakisukuma polepole.

Mokeira alikuwa amesimama nyuma yangu, kwa miguu. Alitangaza kwa sauti, wasikie wote, kwamba kaka yake amevuka bahari, amesimamisha meli nzima, amepishana na mwanawe katikati ya maji, na amerudi bila kujifunza kitu hata kimoja.

Si kweli. Nimejifunza mawili. Kwanza, kikapu kiandikwe jina, kwa herufi kubwa, na thermosi isifungwe kwa waya bali kwa kamba ya katani. Kama ningefanya hivyo, ningekuwa namba moja. Pili, nadharia yangu ni sahihi, na ushahidi ninao: kule Nosy Be, nchi ngeni, kofia na jiwe vilishika nafasi yangu kwa dakika ishirini nzima, nami nikaikuta. Mokeira anasema ni mwenye vanila aliyeishika, kwa fagio. Hayo ni mambo madogo.

Meli inapita tena Mombasa mwezi wa Machi, kwa siku moja. Nimeanza kuchora mpango.

Nawe unayesoma, kama kuna mtu unayemngoja, usikae ukieleza. Leo, kabla lori halijafika, peleka kikapu chake kwenye foleni.